Tuko Muongo wa Ngapi?

Kila ifikapo Januari neno "malengo" hupanda bei. Utalisikia redioni, kwenye mahubiri ya mkesha, hata katika makundi ya WhatsApp ya ukoo ambako kwa kawaida huzungumzwa michango ya harusi na misiba tu. Lengo limetokana na kulenga, na mwenye kulenga ni mwindaji au askari. Hufumba jicho moja, hushusha pumzi, huachia mshale. Shabaha, neno lenye asili ya Kiarabu, nalo limezoea maisha ya uwanja wa bunduki. Ukiyategemea maneno hayo mawili, siku ukikosa huna utetezi. Shabaha haikusogea, umbali ulijulikana tangu mwanzo, na upepo hautajwi. Mkosaji ni wewe.

Kisha kuna azimio. Hili lina heshima yake, hasa Tanzania, kwa sababu ya lile Azimio la Arusha la 1967, ambalo kikao chake nacho kilikaa mwishoni mwa Januari. Azimio hutangazwa, husomwa kwa sauti, hupigiwa makofi. Linafaa chama, linafaa mkutano. Mtu mmoja chumbani mwake akiandika "maazimio yangu ya mwaka mpya" anajigeuza kuwa halmashauri kuu ya mtu mmoja, na hakuna atakayemwitia kikao cha tathmini. Halafu kuazimia kunakaribiana mno na kuazima. Mengi tunayoyaazimia Januari tumeyaazima kwa watu wengine, na siku ya kuyatumia ikawa ya kuazimwa pia.

Siku yenyewe nina neno nayo. Tarehe 1 Januari imewekwa na Warumi, na haijui kitu kuhusu mbingu za kwetu. Pwani, Januari ni kaskazi: jua kali, ada za shule, mifuko iliyokaushwa na sikukuu. Kilimanjaro na Kagera, wakulima wanasubiri masika, mashamba yanatayarishwa. Mbeya na Songea mahindi yamekwisha kusimama na watu wako kwenye palizi. Anayemwambia mkulima wa Songea "anza upya Januari" anazungumza na mtu aliyeanza Novemba. Mwenzake wa Moshi ana wiki kadhaa kabla ya mvua ya kupandia. Nchi moja, tarehe moja, lakini kazi mbili zisizofanana kabisa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imelitambua jambo hilo katika istilahi zake. Taarifa zake hutaja mvua za Vuli, za Oktoba hadi Desemba, na mvua za Masika, za Machi hadi Mei, kwa mikoa inayopata mvua mara mbili kwa mwaka. Mikoa inayopata mvua mara moja, kuanzia Novemba hadi Aprili, ina mvua za Msimu. Msimu tu, bila jina la ziada, kama vile pale hakuna haja ya kuuliza msimu upi. Neno hili lilitoka kwa Waarabu, kwao mausim ni wakati uliowekewa alama, wakati wa soko au wa hija. Wareno walilichukua hilohilo, nalo likaishia kuwa jina la pepo za Bahari ya Hindi katika lugha za Ulaya. Kwetu limezaa msimu wa ligi, matunda ya msimu, na katika isimu likazaa misimu, yale maneno ya mitaani yanayovuma mwaka mmoja na kusahaulika mwaka unaofuata. Nimewahi kufikiri kwamba malengo mengi ya Januari ni misimu kwa maana hiyo ya wanaisimu.

Lakini neno ninalolipenda kupita yote ni majira. Watu wengi wanalijua kwa maana ya wakati: majira ya mvua, majira ya saa nne asubuhi. Kamusi za zamani zina maana ya pili, na mabaharia waliitumia kila siku: majira ni njia ya chombo baharini, mwelekeo ambao rubani ameukamata. Kushika majira ni kuelekeza chombo kunakotakiwa. Neno moja linabeba wakati na njia. Sidhani ni bahati tu. Katika bahari ya pepo za misimu, wakati ndio uliokuwa ukiamua njia. Majahazi ya Sur, Kuwait na Ghuba yaliteremka na kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka, yakafika Lamu, Mombasa na Unguja, na hakuna nahodha aliyeweza kurudi kwao kabla kusi haijaanza kuvuma. Baharia Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938–1939, aliyaona hayo kwa macho yake: chombo kilikaa wiki na wiki kwenye delta ya Rufiji kikipakia boriti, na ule muda ambao mtu wa haraka angeuita kupotea ulikuwa sehemu ya safari.

Nahodha wa jahazi hilo alikuwa na nia ya kufika nyumbani, iliyo dhahiri kuliko malengo yetu mengi. Hakuitimiza kwa kulenga. Aliitimiza kwa kujua lini atweke tanga, lini atengeneze chombo, lini auze tende, lini alale.

Mabaharia walikuwa na majina hata ya vipindi ambavyo hakuna cha kufanya. Kati ya kaskazi na kusi upepo hugeukageuka, leo huku, kesho kule. Wakati huo uliitwa tanga mbili, au maleleji. Linganisha na msamiati wa wahamasishaji wa leo, ambao kipindi kama hicho hukiita uvivu, kukosa nidhamu au kukata tamaa. Mtu aliyeacha kazi na hajapata nyingine yumo katika tanga mbili. Aliyemaliza masomo anasubiri matokeo, naye vilevile. Mfiwa ambaye hata arubaini haijapita, vilevile. Kumdai mtu wa namna hiyo mpango wa miaka mitano ni kumtwekesha tanga upepo ukiwa haujajulikana. Asafishe chombo, azibe nyufa kwa kalafati, asubiri.

Na pale kusi inapolegea, kuanzia Agosti hadi Oktoba hivi, kuna demani. Demani pia ni kamba ya kushikia pembe ya chini ya tanga, ile inayolegezwa au kukazwa kulingana na upepo. Sijui lugha nyingi zilizoita kipindi cha mwaka kwa jina la kamba ya kulegeza.

Sasa turudi kwenye swali lililo juu ya makala haya. Leo muongo ni miaka kumi. Tunasema muongo wa sabini, muongo uliopita, mikakati ya muongo. Mwaka wa kale wa Waswahili, ule unaofunguliwa na Nairuzi, ulikuwa na siku 365 zilizogawanywa katika mafungu 36 ya siku kumi kumi, na fungu moja liliitwa muongo. Siku 5 zilizosalia ziliitwa gatha. Jina Nairuzi limetoka Uajemi, na manahodha wa Bahari ya Hindi, akiwemo Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, walihesabu siku za safari kuanzia hapo. Sababu ni nyepesi: mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi mwandamo, Ramadhani husogea karibu siku 11 kila mwaka, kwa hiyo jina la mwezi halikuambii upepo gani unavuma. Miongo ilikuambia. Mkulima naye aliitumia kujua lini afyeke na lini apande.

Kutoka siku kumi hadi miaka kumi! Neno limevimba kupita kiasi. Usilichanganye na mwongo, yule asemaye uongo, ingawa ukisoma mipango ya miaka kumi unaweza kusamehewa. Siku kumi mtu anaziona zote kwa pamoja. Katika siku kumi unaweza kupalilia robo eka, kusoma sura tatu, kumaliza dozi, kumtembelea shangazi uliyekuwa ukimkwepa. Ningepewa nafasi ya kurudisha istilahi moja tu, ningerudisha muongo wa siku kumi, na watu wangeulizana, "Muongo huu una nini?" badala ya "Una malengo gani mwaka huu?"

Kwa kuwa mwaka wa Nairuzi hauna siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, umekuwa ukisogea taratibu ndani ya kalenda ya kawaida, na siku hizi huangukia Julai. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanauadhimisha: Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba, machungu ya mwaka yaishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, wageni hulishwa. Kogwa ni kuoga. Kabla ya kuahidi lolote, mwaka unaoshwa. Nami nauona mpangilio huo una akili kuliko ule wa kuandika orodha usiku wa manane masikio yakiwa yamejaa fataki. Anza kwa kutoa: deni gani ulilipe, ugomvi gani uumalize, kazi gani uiache.

Julai yenyewe inafaa. Ni kipupwe, joto limepungua, mazao ya masika yako nyumbani au njiani kuja nyumbani, na mtu anajua kiasi alichonacho ghalani. Serikali za Tanzania, Kenya na Uganda zinaanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. Sabasaba na Nane Nane ziko jirani. Kama unataka kukaa chini na kuhesabu, hesabu wakati una cha kuhesabu.

Kuna neno jingine ambalo waumini wanalo na wataalamu wa malengo hawalitumii ipasavyo: nia. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mfungaji wa Ramadhani hutia nia kila usiku kwa ajili ya siku ya kesho. Haimtoshi nia moja ya mwezi mzima. Mtu anajua fika kwamba kesho atafunga, na bado anaitia nia upya. Lengo hutajwa mara moja na kubandikwa ukutani. Nia hulala na kuamka na mwenyewe. Kwa jambo gumu, la kuacha sigara au kujifunza Kiarabu ukubwani, ningeanza na nia kuliko lengo.

Msamiati wa shamba ndio tulioufupisha vibaya zaidi. Katika hotuba za mafanikio yamebaki mawili tu, kupanda na kuvuna. Muulize aliyelima. Atakutajia kufyeka, kung'oa visiki, kutifua, kupanda, kurudishia pale mbegu ilipokufa, kupalilia mara ya kwanza na ya pili, kuamia, kuvuna, kupura, kupeta, kuweka ghalani. Kuamia ndilo linalonigusa. Mpunga au mtama ukishatoa masuke, mtu hukaa kwenye dungu tangu alfajiri akifukuza ndege. Hapandi, hapalilii, havuni. Analinda. Kazi hiyo haina cha kuonyesha jioni zaidi ya kwamba shamba lipo vilevile, na bila yeye mavuno yangeruka angani. Mtu aliyekwisha kupunguza uzito na sasa hauongezi, au aliyeweka akiba na hajaigusa, au aliyeponya ndoa na sasa anaikalia macho, huonekana kana kwamba amesimama. Yuko dunguni, anaamia.

Nasikia msomaji wa Kariakoo au Eastleigh akiguna: mimi sina shamba, jahazi nalionea kwenye picha za watalii, na mshahara wangu haujui kipupwe. Kweli. Lakini nauli hupanda mvua zikikata barabara, biashara ya sare za shule ina majira yake, mahindi ni nafuu baada ya mavuno na ghali kabla, na fundi ujenzi hamwagi zege la paa katikati ya masika kama ana hiari. Mjini misimu imevaa nguo nyingine tu.

Guno la pili lina uzito zaidi: misimu yenyewe haishikiki tena. Pembe ya Afrika, Kenya ikiwemo, ilikosa mvua za kutosha msimu baada ya msimu kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, kisha mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikasomba madaraja. Hapo ndipo ninapowaonea gere wataalamu wa hali ya hewa kwa neno lao. Kabla ya mvua hutoa mwelekeo wa msimu, wakisema mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani katika eneo fulani, na baadaye huurekebisha kadiri siku zinavyosogea. Hakuna anayewacheka kwa kurekebisha. Ndiyo kazi yao. Nasi tungeandika "mwelekeo wangu wa vuli" juu ya daftari, mvua ikipungua tungerekebisha bila kujitukana. Mkulima ambaye vuli imemkatalia husikitika, huhesabu mbegu iliyosalia, huangalia masika. Sijamsikia akisema hana nidhamu.

Ombi langu ni kwa wachapaji wa kalenda na shajara. Mnatuchapia sikukuu za kitaifa, awamu za mwezi, picha za viongozi na matangazo ya benki. Ongezeni pembeni kaskazi, masika, kusi, kipupwe, demani na vuli, mikoa kwa mikoa, na kila baada ya siku kumi tieni alama ndogo ya muongo. Wino hautaongezeka sana.