Miaka Mitatu ya Historia, na Baada Yake

Mhariri wa jarida letu ameniomba nieleze machache juu ya masomo yangu ya historia, na ninalokusudia kufanya baada ya kuhitimu. Namshukuru. Hapa Mtumba swali hilo huulizwa kila nipitapo, tena kwa huruma: "Historia? Utaajiriwa wapi, mwanangu?"

Nilisoma katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Mwaka wa kwanza sina haja ya kuueleza kirefu. Ulikuwa wa kusoma na kufanya mitihani. Mambo yalinoga mwaka wa pili, tulipofundishwa jinsi wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walivyotumwa mwaka 1968 kuwauliza wazee habari za Vita vya Majimaji. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kama sisi!

Basi kwa kazi yangu ya mwaka wa mwisho nikachagua Mtunya, njaa kuu iliyoangamiza Ugogo kati ya 1917 na 1920. Mtu akisikia njaa hudhani ni ukame tu. Ukame ulikuwapo, lakini vita vilitangulia. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi; Waingereza walipoiteka Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua. Mgogo aliweka akiba yake katika ng'ombe, ili mvua ikikataa awabadilishe kwa nafaka. Akiba ilikwisha kuondoka, ndipo mvua ikakataa. Hukadiriwa kuwa walikufa watu 30,000 katika wilaya ya watu 150,000, yaani mmoja katika kila watano.

Aliyeiona hayupo tena. Niliozungumza nao walihadithiwa na wazazi wao. Bibi mmoja hakujishughulisha na miaka. Alinihesabia ndugu wa baba yake, akikunja kidole kwa kila aliyekufa. Alikunja vinne. Hilo halimo katika faili lolote la serikali.

Aliyenitia moyo zaidi ni marehemu Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, jirani zetu kabisa, aliyefariki mwaka 1969. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, wala hakungoja shahada ya chuo kikuu.

Tangu Mji wa Serikali uanze kujengwa Mtumba mwishoni mwa mwaka 2018, mashamba yamegeuka barabara na wizara. Sipingi, mdogo wangu anapata riziki humo. Ila mti ukikatwa na wenye shamba wakihama, jina la mahali nalo huondoka. Baba angependa nipate meza katika mojawapo ya ofisi hizo. Nimemwomba anivumilie. Nitasoma stashahada ya uzamili ya ualimu, nifundishe sekondari, na siku za Jumamosi nizunguke na kinasa sauti Ihumwa, Vikonje hadi Buigiri.

Wanafunzi mlio bado shuleni, nina ombi. Likizo hii muulizeni babu au bibi jina la njaa anayoikumbuka, na walikula nini. Andikeni alivyosema, msimsahihishe, mkabidhi mwalimu wenu wa historia. Nanyi kaka zetu wa miaka ya sabini mlioiona njaa ya 1974, sasa ninyi ndio wazee wa kuulizwa. Siku ya mkutano nitawatafuta mmoja mmoja kwenye meza ya chai, na daftari ninalo.