Mgeni Aliyepewa Jembe: Historia ya Kuhamishia Programu kwenye Kadi ya Kumbukumbu

Kwa watumiaji wengi wa simu janja za bei nafuu, ujumbe unaotangaza kwamba nafasi ya kuhifadhi imekwisha huja mapema kuliko ufa wa kioo au kuchoka kwa betri, na dawa iliyotegemewa kwa muda mrefu ni kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa ukucha, yaani kadi ya kumbukumbu, ambayo wengi huiita memori kadi. Kuweka picha na nyimbo kwenye kadi hiyo hakujawahi kuwa jambo gumu, ilhali kuhamishia humo programu, yaani vifaa vya kidijitali vya kutuma ujumbe, kusoma habari au kucheza michezo, kumewasumbua wahandisi na watumiaji kwa miaka mingi. Sababu ni kwamba picha hukaa ikisubiri kutazamwa, lakini programu husoma na kuandika kila mara, hutunza siri za mwenye simu, na husimama papo hapo inapoondolewa mahali inapokaa. Ukifuatilia historia ya jambo hili, utaona kwamba kila hatua iliyoipa kadi uwezo zaidi wa kubeba programu iliipunguzia ile sifa iliyoifanya ipendwe, nayo ni uhuru wa kuchomolewa na kwenda kwingine.

Asili ya kadi

Simu ina aina mbili za kumbukumbu ambazo wanunuzi huzichanganya mara kwa mara. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi, inayojulikana kama RAM, ambayo hushikilia kwa muda kile kinachotendeka na husahau kila kitu simu inapozimwa. Ya pili ni hifadhi, ambayo hutunza programu, picha na barua hata pasipo umeme. Kadi huongeza hifadhi peke yake, na kwa hiyo haiwezi kuiponya simu ambayo kukawia kwake kunatokana na uchache wa kumbukumbu ya kazi.

Hifadhi hiyo, iwe ndani ya simu au kwenye kadi, imejengwa juu ya kumbukumbu ya flashi, iliyobuniwa na mhandisi wa Kijapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba, aliyeitangaza mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1984 na kuifuatisha mwaka 1987 na aina iitwayo NAND, ambayo ndiyo inayotumika katika kadi na simu za leo. Jina la flashi lilitokana na jinsi sehemu kubwa ya kumbukumbu inavyofutwa kwa mara moja, kama mmweko wa taa ya kamera, na tabia hiyo ya kufuta kwa mafungu ina uzito katika historia yote inayofuata, kwa kuwa kubadili kitu kidogo mara nyingi huigharimu kumbukumbu ya namna hii muda na umri.

Kadi zenyewe zilianza kwa ajili ya kamera na vifaa vingine vidogo. CompactFlash ilitoka mwaka 1994, MultiMediaCard ikafuata mwaka 1997, na mwaka 1999 kampuni za SanDisk, Panasonic na Toshiba zikatangaza kadi ya SD, ambayo mwaka uliofuata ziliiundia chama cha kusimamia viwango vyake. Simu zilihitaji kitu kidogo zaidi, na ndipo SanDisk ilipotoa mwaka 2004 kadi iliyoitwa TransFlash, iliyopokelewa na chama hicho mwaka 2005 kwa jina la microSD, yenye urefu wa milimita 15, upana wa milimita 11 na unene wa milimita 1 tu. Vipimo hivyo havijabadilika tangu hapo, ingawa kiwango cha juu cha ujazo kimepanda kutoka gigabaiti 2 za kizazi cha kwanza hadi gigabaiti 32 za kadi za SDHC, terabaiti 2 za kadi za SDXC na terabaiti 128 za kadi za SDUC.

Kabla ya Android

Wazo la kuweka programu kwenye kadi halikuzaliwa na Android. Simu za Nokia zilizotumia mfumo endeshi wa Symbian, yaani programu kuu iliyosimamia kazi zote za simu, zilimuuliza mtumiaji wakati wa kusakinisha kama angependa programu ikae kwenye kumbukumbu ya simu au kwenye kadi, na zilizitaja sehemu hizo mbili kwa herufi, C kwa simu na E kwa kadi, kama ilivyozoeleka katika kompyuta. Programu za wakati huo zilikuwa ndogo, nyingi zikihesabiwa kwa kilobaiti, na kwa hiyo swali hilo halikuwa na uchungu mkubwa.

Uchungu ulikuja na simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliyouzwa nchini Marekani kuanzia Oktoba 2008 kwa jina la T-Mobile G1. Simu hiyo ilikuja pamoja na soko la mtandaoni lililomkaribisha mtumiaji apakue programu nyingi kadiri alivyotaka, lakini hifadhi yake ya ndani ilikuwa megabaiti 256 tu, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mfumo wenyewe. Ilikuwa na tundu la microSD, lakini kadi iliruhusiwa kubeba picha, muziki na nyaraka, si programu.

Katazo hilo halikuwa la ubahili. Android, ambayo imejengwa juu ya Linux, huipa kila programu kitambulisho chake na kuizuia isichungulie mafaili ya programu nyingine, na ulinzi huo hutegemea orodha ya umiliki na ruhusa iliyoandikwa pamoja na kila faili. Kadi za wakati huo zilitumia mpangilio wa mafaili uitwao FAT, ambao una sifa kubwa ya kusomeka na karibu kila kompyuta na kamera, lakini hauna mahali pa kuandika ni nani mwenye faili na nani asiliguse. Programu iliyowekwa humo ingekuwa nyumba isiyo na mlango, na yeyote mwenye kadi mkononi angeweza kuinakili au kuichafua.

Watumiaji wenye ujuzi hawakungoja. Kufikia mwaka 2009 ilikuwa imeenea njia iliyojulikana kama Apps2SD, ambayo kwayo kadi iligawanywa sehemu mbili, moja ikibaki katika mpangilio wa FAT kwa ajili ya picha na nyimbo, na nyingine ikipewa mpangilio wa Linux unaotambua umiliki. Folda ya programu ilihamishiwa katika sehemu hiyo ya pili, na mahali ilipotoka pakaachwa kielekezi, yaani faili lisilobeba kitu isipokuwa anwani ya mahali pengine, hivyo mfumo ukaendelea kuamini kwamba programu zipo ndani. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini ilidai kwanza kuruti simu, yaani kujitwalia mamlaka ya juu kabisa ya mfumo ambayo mtengenezaji huyafungia, na aliyekosea hatua moja aliweza kuiacha simu yake ikiwa haiwaki.

Ruhusa rasmi ya mwaka 2010

Mwezi Mei 2010 Google ilitangaza toleo la 2.2 la Android, lililopewa jina la Froyo, na kwa mara ya kwanza mfumo wenyewe ukaruhusu programu kuhamia kwenye kadi. Suluhisho lilikuwa la werevu: programu iliyohamishwa ilifungwa ndani ya kasha moja lililosimbwa, yaani lililogeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, na ufunguo huo ukabaki ndani ya simu, ili kadi ikichomekwa kwenye simu nyingine kasha hilo lisifunguke.

Hata hivyo ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka mitatu ambayo iliwachanganya watumiaji kwa miaka. Kwanza, uamuzi haukuwa wa mwenye simu peke yake, kwa sababu mtayarishaji wa programu alipaswa kutamka ndani yake kwamba anakubali ihamishwe, na asiyetamka alihesabiwa kuwa amekataa. Pili, kilichohama kilikuwa mwili wa programu tu, huku taarifa za siri za mtumiaji na sehemu nyingine zilizohitajika kwa haraka zikibaki ndani, hivyo programu iliyohesabiwa kuwa imehama iliendelea kula sehemu ya nafasi iliyokusudiwa kuokolewa. Tatu, kadi ilipochomolewa, au simu ilipounganishwa na kompyuta kwa namna iliyoifanya kompyuta iishike kadi, programu zote zilizokuwa humo zilikatizwa mara moja, na kwa sababu hiyo saa za kengele, kibodi na programu zinazofanya kazi kimyakimya hazikushauriwa kuhama.

Toleo hilo ndilo lililofungua mlango wa simu janja kwa watu wengi wa Kenya, kwani simu ya Huawei IDEOS, iliyouzwa na Safaricom mwaka 2011 kwa bei iliyokaribia dola 80 za Marekani, ilitumia Froyo, na hifadhi yake ya ndani haikufika gigabaiti 1. Kwa mnunuzi wa simu kama hiyo kitufe cha kuhamishia programu kwenye kadi hakikuwa pambo la kitaalamu bali mpaka kati ya simu inayotumika na simu iliyojaa, na ukweli huu unaonyesha kwamba historia ya kadi ni zaidi historia ya watu wa kipato kidogo kuliko ilivyo historia ya mafundi.

Kitufe chatoweka

Kuanzia mwaka 2011 upepo uligeuka. Android 3.0 ilileta mpango wa kuunganisha sehemu ya programu na sehemu ya picha na nyimbo katika hifadhi moja ya ndani, na mfumo ukaendelea kuiita sehemu hiyo ya pili kwa jina la kadi, kiasi kwamba hadi leo simu isiyo na tundu lolote la kadi huwa na folda iitwayo sdcard. Mpango huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa uliondoa hali ya upande mmoja kujaa huku mwingine ukiwa mtupu, lakini katika simu nyingi kitufe cha kuhamisha kilitoweka pamoja nao. Mwaka 2013 toleo la 4.4 lilikaza zaidi kwa kuzizuia programu za kawaida zisiandike kwenye kadi nje ya folda zao, jambo lililopunguza uchafu na kuongeza usalama, lakini likawashtua waliozoea kupanga mafaili yao watakavyo, na mwaka uliofuata toleo la 5.0 likalegeza kwa kumwachia mtumiaji aichague folda anayoiruhusu.

Kadi yafanywa mwenyeji

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja na Android 6.0, iliyoitwa Marshmallow, iliyotolewa Oktoba 2015. Mtumiaji aliyechomeka kadi mpya sasa aliulizwa kama anataka iwe hifadhi ya kuhamishika, kama zamani, au iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Akichagua la pili, mfumo uliifomati kadi, yaani ulifuta kila kilichokuwamo na kuipanga upya kwa mpangilio wa Linux, kisha ukaisimba yote kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu hiyo peke yake. Kwa njia hii programu iliweza kuhama pamoja na taarifa zake za siri, ingawa idhini ya mtayarishaji bado ilihitajika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na ndivyo kadi ilivyotendewa: iliacha kuwa mgeni wa simu ikawa mfanyakazi wa nyumba. Lakini aliyepewa jembe haondoki tena. Kadi iliyofomatiwa namna hiyo haisomeki kwenye kompyuta wala simu nyingine, programu zilizomo hutoweka inapochomolewa, na simu ikiharibika au ikirejeshwa katika hali ya kiwandani, ufunguo hupotea na picha zilizokuwa humo hupotea nao. Kwa Afrika Mashariki hasara hiyo si ndogo, kwa sababu kadi imekuwa kwa muda mrefu chombo cha kusafirishia muziki, mawaidha na filamu, ikipelekwa kibandani kujazwa na kupitishwa kutoka mkono hadi mkono pasipo gharama ya bando. Samsung na LG hawakuiwasha huduma hiyo ya kuifanya kadi kuwa hifadhi ya ndani katika simu zao kubwa za mwaka 2016, Galaxy S7 na G5, ingawa zote mbili zilikuwa na tundu la kadi.

Mwendo na udanganyifu

Lipo pia tatizo la mwendo. Alama za zamani za kadi, kama namba 10 ndani ya duara, hupima uandishi wa mfululizo unaofaa kurekodi video, na kadi yenye alama hiyo huahidi megabaiti 10 kwa sekunde; programu, kinyume chake, huchota vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huku. Ndiyo maana mwaka 2016 chama cha SD kilianzisha alama ya A1, inayodai kadi imudu angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa namna hiyo kwa sekunde, na mwaka uliofuata alama ya A2, inayodai 4,000 na 2,000. Anayekusudia kuweka programu kwenye kadi anapaswa kutafuta alama hizo kabla ya kutazama ujazo, na ajihadhari na kadi bandia, ambazo kidhibiti chake kimechezewa ili kitangaze ujazo usiokuwapo, hivyo kila kinachoandikwa baada ya nafasi halisi kujaa hupotea au hufuta kilichotangulia.

Wakati kadi ikihangaika na mwendo, hifadhi ya ndani ilisonga mbele, na watengenezaji wa simu za gharama wakaanza kuliondoa tundu. Galaxy S21 ya mwaka 2021 haikuwa nalo. Kwa simu nafuu Google ilichagua kupunguza mzigo badala ya kupanua ghala: mwaka 2017 ilitoa toleo jepesi liitwalo Android Go, na mwaka 2023 ikaleta njia ya kuondoa sehemu kubwa ya programu isiyotumika huku taarifa za mtumiaji zikibaki, ili aipakue tena akiihitaji. Njia hiyo ya pili, hata hivyo, humrudisha mtumiaji kwenye gharama ya bando, ambayo kadi ilikuwa imemwepusha nayo.

Kwa hiyo tundu lililosalia kwenye simu nafuu bado lina thamani, mradi lipewe kazi inayolifaa. Programu za fedha, ujumbe na nyaraka za siri zinastahili kukaa ndani, na simu inunuliwe kwa kuangalia kwanza hifadhi ya ndani, si ukubwa wa kadi inayoikubali. Picha, nyimbo na mihadhara zinafaa kukaa kwenye kadi iliyoachwa huru, ambayo simu ikifa itachomolewa ikiwa nzima na kuendelea kusomeka katika simu itakayofuata.