Valvu Iliyong'olewa Ikingali Inawaka

Aliyekulia nyumba yenye redio ya valvu anakumbuka: ukiiwasha, unangoja zile chupa za kioo zipate moto ndipo sauti itoke. Valvu zake zilikuwa chache tu, na hata moja ikiungua, nyumba nzima ilikosa taarifa ya habari. Sasa chukua mtambo mmoja wenye valvu karibu 50,000, uliokabidhiwa ulinzi wa anga ya Marekani usiku na mchana.

Mtambo huo ni AN/FSQ-7, kompyuta ya mfumo wa SAGE iliyojengwa na IBM, yenye uzito wa tani 250 hivi. Ulipokea habari za rada ili ndege za mabomu za Umoja wa Kisovieti zionekane mapema. Kituo cha kwanza kilianza kazi mwaka 1958, McGuire, New Jersey.

Valvu za kawaida za wakati ule zilidumu kama saa 500. Piga hesabu: mia moja zingekufa kila saa. Jeshi gani lingeutegemea mtambo wa namna hiyo?

Jibu lilitoka chuo cha MIT, kwenye kompyuta ya Whirlwind iliyoongozwa na Jay Forrester. Kwanza iligundulika kuwa silikoni iliyokuwamo katika nikeli ya kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni, ndiyo iliyozidhoofisha valvu. Ikaondolewa, na umri wake ukarefuka mno. Wengi huisimulia habari hii wakaishia hapo. Mimi naona ufundi mkubwa zaidi ulikuja baadaye.

Valvu nyingi hazifi ghafla, huchoka polepole. Basi Forrester na wenzake wakaujengea mtambo wenyewe njia ya kupandisha na kushusha volteji, sehemu moja baada ya nyingine, huku programu za majaribio zikiendeshwa. Yenye nguvu ilistahimili. Iliyochoka ilikosea hesabu, na kosa lenyewe likamwonyesha fundi pa kwenda. Uchunguzi huu haukubandikwa mtambo ulipokwisha kujengwa. Ulichorwa pamoja nao.

SAGE ikaurithi. Kila kituo kilikuwa na kompyuta mbili pacha: moja ikishika zamu, ya pili ilikaa tayari kuipokea, na huo ndio uliokuwa wakati wa kuibana kwa volteji. Ndiyo maana vituo vilikuwa tayari kwa zaidi ya asilimia 99 ya muda, na vya mwisho vilidumu hadi miaka ya 1980.

Fundi aliondoka na valvu mkononi. Dakika chache kabla, ilikuwa bado inawaka.