Jumapili za Mwanjelwa: Mbeya ilivyoazima mahali pa kupumzikia

Mwulize mzazi yeyote wa Mwanjelwa, Jumapili baada ya ibada ya pili, leo watoto anawapeleka wapi. Ni nadra akutajie bustani. Kama ni Agosti atasema Uyole. Kama kuna mechi, Sokoine. Kama kuna ndugu mwenye gari na mafuta yapo, Kijungu. Na kama mfuko umetoboka, ni kushuka Kabwe kula chipsi, kutazama watu, kisha kurudi nyumbani kwa miguu kabla baridi haijakolea.

Ukiuondoa uwanja wa mpira, mahali hapo pote palianzishwa kwa shughuli nyingine. Uyole ni viwanja vya maonyesho ya wakulima. Kijungu kipo kwenye eneo la chuo cha Magereza. Kabwe ni njia panda. Wakazi wa Mbeya wamekuwa wakiazima mahali pa kazi na kupageuza pa kupumzikia kwa karibu miaka mia moja sasa, na wamepata ujuzi katika hilo kuliko mamlaka zozote zilizowahi kuwapangia mji.

Mji wenyewe ulizaliwa kwa kazi. Mwaka 1927 Waingereza waliuweka hapa chini ya mlima Loleza kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, iliyokuwa imeanza kuvuta wachimbaji wa kila rangi. Chunya kuna joto na vumbi. Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kuna ubaridi na maji. Basi serikali ikakaa Mbeya, na watu wakapangwa kama ilivyokuwa desturi ya wakoloni: Wazungu upande wa juu, Wahindi na maduka yao katikati, Waafrika pembeni. Majina ya Uzunguni na Uhindini yangali kwenye midomo ya makondakta hadi leo, ingawa anayepanda daladala ya kwenda Uhindini siku hizi huenda anafuata benki au vifaa vya simu.

Starehe nayo ilifuata mpango huohuo. Ilikaa juu. Hoteli kongwe ya mji, Mbeya Hotel, ilikuwa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, jambo la kuchekesha kidogo, maana kwa miongo yote hiyo Mbeya haikuwa na reli hata inchi moja. Shirika lilikuwa na mabasi yake nyanda za juu, na abiria wake walihitaji kitanda na chai. Mtoto wa mpishi aliijua baraza ya hoteli kwa kuitazama kutoka barabarani.

Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, Nelson Mandela alitua Mbeya. Alikuwa ametoroka Afrika Kusini bila pasipoti, akipitia Bechuanaland, akielekea Addis Ababa kwenye mkutano wa vyama vya ukombozi. Yeye na mwenzake Joe Matthews wakapanga hotelini. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1994, Mandela anaeleza kwamba waliwakuta Waafrika na Wazungu wameketi pamoja barazani, wakizungumza kistaarabu. Alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho katika hoteli.

Walikuwa wakimsubiri mwanasiasa wa TANU aitwaye Mwakangale, ambaye kumbe alikwisha kupita kuwaulizia. Mhudumu wa mapokezi, mama wa Kizungu, alisahau kuwapa taarifa. Mgeni mmoja Mwafrika akamsogelea na kumwambia, kwa upole lakini bila kuyumba, kwamba hawa ni wageni wetu na wahudumiwe ipasavyo. Yule mama akaomba radhi. Ni jambo dogo. Leo lingepita bila mtu kugeuza shingo. Lakini Mandela anaandika kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa yumo katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani alijiona mtu huru.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kwenye historia ya matembezi hakuna tarehe kubwa kuliko hiyo. Kabla ya kuuliza mahali gani pazuri pa kumpeleka mtoto, kwanza ilibidi paruhusiwe kukaa. Na huyo Mwakangale, John Mwakangale, jina lake ndilo lililopewa viwanja vya Uyole ambako familia za Mbeya hujaa kila Agosti. Wengi wanaolitamka jina hilo wakimwelekeza dereva wa bajaji hawajui kwamba ndiye mwenyeji aliyekuwa akisubiriwa barazani siku ile.

Muda si mrefu kitovu cha mji kikaanza kuteremka. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta imefungiwa njia ya kusini. Mafuta na shaba vikaanza kupita kwetu. Bomba la TAZAMA likakamilika 1968, malori yakapasua barabara mpaka lami ilipofika, na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Vyote vilipita bondeni, si Uzunguni. Mwanjelwa, Kabwe, Mafiati, Soweto na Ilomba vikanenepa kando ya barabara hiyo.

Kwa maoni yangu, mapishi ya Mwanjelwa yalizaliwa hapo. Dereva wa lori la Lusaka hana muda wa kungoja wali uive. Anataka kitu cha moto, kingi, kinacholika amesimama, hata saa nane za usiku. Kilichopatikana kwa urahisi ni viazi. Milima ya Umalila na Uporoto inatoa viazi mviringo kwa malori, vikifungwa magunia ya lumbesa yenye kilemba kirefu kuliko gunia lenyewe, ugomvi wa miaka nenda rudi kati ya wakulima na madalali.

Msogelee mkaanga chipsi wa Kabwe saa moja jioni. Ndoo ya viazi vilivyomenywa imejaa maji miguuni pake, ili visiwe vyeusi. Anavikatia juu ya karai la mafuta, kisu kikienda bila yeye kukitazama, kwa sababu macho yapo kwa mteja. Vikipanda juu na kuanza kugongana kwa sauti kavu, anavipakua kwenye kabati la kioo lenye taa ndani. Ukitaka zege, anachukua kikaango kidogo, anapasua mayai mawili kwa mkono mmoja, anamwagia juu ya chipsi, anafunika na sahani, anapindua, na kinatoka duara kama mkate. Kachumbari pembeni, tomato, pilipili ukiitaka, na vijiti vya kuchomea. Baba analipa, mama anagawa, wadogo wanagombania kona iliyoungua kidogo. Wenye uwezo zaidi wanavuka kwenda kwenye nyama choma, au kitimoto na ndizi za kuchoma, chakula ambacho Mbeya haina aibu nacho kabisa. Siku ya mshahara kuna wali wa mchele wa Kyela na samaki wa Ziwa Nyasa.

Soko nalo lilikuwa matembezi. Desemba 2006 Soko la Mwanjelwa liliteketea, na wafanyabiashara wengi wakahamia Sido, ambako nako moto mkubwa ulizuka Agosti 2017. Kati ya majanga hayo jiji likajenga soko jipya la ghorofa. Kwa watoto wa hapa, sikukuu haianzi Krismasi yenyewe bali siku ile ya kwenda kupekua marobota ya mitumba kutafuta sweta la kuvaa kanisani, na soda ya ahadi ukishapatikana mzigo. Siku hiyo moto haukuifuta, iliendelea mabandani.

Sasa Agosti. Wazee wanakumbuka Saba Saba kuwa ndiyo iliyokuwa sikukuu ya wakulima. Baada ya vyama vingi kurejea 1992, Saba Saba ikabaki ya biashara na wakulima wakapewa tarehe 8 Agosti, Nanenane. Kwa Nyanda za Juu Kusini maonyesho hayo yakawekwa Uyole, jirani na taasisi za utafiti na mafunzo ya kilimo. Nia ilikuwa mkulima wa Mbozi au Njombe aje aone mbegu bora. Mkulima alikuja, lakini nyuma yake akaja mke, watoto sita, shangazi na jirani.

Ndani kuna vipando vya mahindi yaliyonyooka kama gwaride, ng'ombe wa maziwa waliosuguliwa mpaka wanang'aa, mabwawa ya samaki, sungura, na banda la maliasili ambako foleni ya kumwona simba ndani ya kizimba huwa ndefu kuliko ya wataalamu wote wa udongo. Nje kuna bembea za kuhama, picha za papo hapo, miwa, mahindi ya kuchoma, kofia za plastiki. Mwaka 2022 na 2023 sherehe za kitaifa zililetwa Uyole, na Rais Samia Suluhu Hassan akaja zote mbili. Kwenye ile ya 2022 ndiko alikozindua ruzuku ya mbolea. Mawaziri walizungumzia mavuno. Watoto, nina hakika, walizungumzia simba.

Mpira ninaupita haraka, maana una waandishi wake. Inatosha kusema mkoa huu ulitoa bingwa wa Tanzania 1986, Tukuyu Stars, na kwamba Mbeya City, timu iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji, ilipopanda ligi kuu na kumaliza ya tatu msimu wa 2013/14, Uwanja wa Sokoine ulipata kitu ambacho viwanja vyetu vingi havina: akina mama waliovaa zambarau wakiwa na watoto mgongoni. Matokeo ya baadaye yamekuwa ya kupanda na kushuka, lakini mazoea ya familia kwenda Sokoine hayakushuka daraja pamoja na timu.

Nje ya jiji uazimaji unaendelea. Kijungu, kwenye Mto Kiwira njia ya Tukuyu, ni shimo la mwamba ambamo mto mzima unajitosa na kupotea, kisha unaibuka mbele. Ili ufike unajiandikisha kwanza kwa askari magereza, maana unapita kwenye eneo lao. Sijui familia za mji gani mwingine ambazo pikiniki yao huanzia getini kwa Magereza. Juu ya mto huohuo lipo Daraja la Mungu, tao la mwamba lililojiunda lenyewe. Ziwa Ngozi, lililokaa ndani ya kreta ya volkano kwenye milima ya Uporoto, linadai miguu: unaanzia upande wa Isongole, unapanda msituni hadi ukingoni, kisha maji ya kijani yako chini kabisa. Simulizi za Wajerumani na ziwa hilo nawaachia waongozaji wa kijijini. Wao wanazisimulia vizuri, na kila mmoja kwa namna yake.

Upande wa pili, Ndolezi wilayani Mbozi, kuna kimondo chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Wenyeji walikuwa wakikijua. Mpima ardhi William Nott ndiye aliyekitangaza 1930. Udongo ulichimbwa kukizunguka mpaka kikabaki kimesimama juu ya kiguzo chake. Tangu Songwe ijitenge kuwa mkoa 2016 si chetu tena kiutawala, na msimamizi wake siku hizi ni Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyo mbali kweli, lakini mabasi ya shule za Mbeya hayajaacha kwenda. Watoto hukigonga kwa kokoto wasikie chuma kikilia. Walinzi hukataza. Hugongwa tu.

Ndugu zetu wa Iringa wana bahati ya kuwa na jiwe la Gangilonga karibu kabisa na mji, na Boma la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho 2016. Nao wameazima, tena kwa mtawala.

Kwangu, kilele cha haya yote ni Kitulo. Uwanda huo, mwinuko wa kama mita 2,600, ulikuwa wa kondoo na ngano kabla ya kuwa shamba la ng'ombe wa maziwa, na shamba hilo lingalipo. Kabla uwanda haujawa hifadhi, wafanyabiashara walikuwa wakichimbisha viazi vya okidi za porini na kuvivusha kwenda Zambia, ambako hupikwa chikanda, na ua lilikuwa likielekea kwisha. Mwaka 2005 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, kwa ajili ya maua yake, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika katika Afrika ya tropiki. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, kwa hiyo bustani tunayo, ila iko mbali.

Anayetaka kuwapeleka watoto aende kati ya Desemba na Aprili, maua yanapochanua; ni miezi ya mvua, na njia ya Isyonje huwa tope. Njia ya Chimala inapanda kona 57 hadi Matamba, na mtoto anayetapika garini akae dirishani. Chakula ubebe. Sweta pia, mawili kama unayo, na anza safari alfajiri, kwa sababu ukungu wa mchana hauangalii umelipa kiingilio au la. Ukirudi jioni barabara kuu itakuwa na foleni ya malori kuanzia Uyole, na ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, umewasogeza wakaanga chipsi kutoka sehemu walizozoeleka. Waulize bodaboda, wanajua kila mmoja amehamia wapi.