Sudan: Kila upande uliingia vitani na nini mkononi?

Vita vya Sudan vilipozuka Jumamosi ya Aprili 15, 2023, katika siku za mwisho za mfungo wa Ramadhani, swali tuliloulizwa zaidi na wasikilizaji wetu lilikuwa fupi: nani ana nguvu kuliko mwenzake? Wakati ule tulijibu kwa kutaja idadi ya askari. Jibu hilo halikutosha, na ndiyo maana tunalirudia swali hapa kwa kirefu.

Upande mmoja ulikuwa jeshi la taifa chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan. Upande wa pili ulikuwa RSF, kikosi cha wanamgambo kinachoongozwa na Jenerali Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana zaidi kwa jina la Hemedti. Kwa hesabu ya vichwa hawakupishana sana. Wapiganaji wa RSF walikadiriwa kufika 100,000 hivi. Makadirio ya jeshi yalianzia kwenye idadi hiyo hiyo na mengine yakapanda hadi mara mbili yake. Pande zote mbili zilizungumza kama watu wanaotarajia ushindi wa haraka.

Tofauti ilikuwa katika aina ya nguvu. Jeshi lilikuwa na anga. Lilimiliki ndege za kivita aina ya MiG na Sukhoi, vifaru, mizinga mizito na viwanda vyake lenyewe vya kutengeneza silaha. RSF hawakuwa na ndege hata moja ya kivita. Ndani ya saa chache tangu risasi za kwanza, ndege za jeshi zilikuwa zikishambulia kambi za RSF katikati ya Khartoum, mji wenye mamilioni ya watu.

Lakini ndege haishiki mtaa. Inaweza kubomoa jengo, kisha inarudi uwanjani kujaza mafuta. Wanaobaki kwenye kizuizi cha barabarani, wakiuliza vitambulisho na kulala palepale, ni askari wa miguu. Hapo ndipo jeshi lilipokuwa na upungufu mkubwa, na upungufu huo ulikuwa na historia yake.

Mwaka 2003 makundi ya waasi yaliinuka Darfur, magharibi mwa nchi. Rais Omar al-Bashir, aliyekuwa ameingia madarakani kwa mapinduzi mwaka 1989, hakutaka kulitegemea jeshi peke yake. Askari wengi wa vyeo vya chini walitoka Darfur kwenyewe, na serikali haikuamini kwamba wangewapiga ndugu zao. Akawapa silaha wanamgambo kutoka jamii za wafugaji wa Kiarabu, waliokuja kuitwa Janjaweed. Vijiji vilichomwa, watu wengi wakauawa, na mwaka 2009 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ikatoa hati ya kumkamata Bashir. Mwaka 2013 wanamgambo hao walipangwa upya na kupewa jina la RSF, na mwaka 2017 sheria ikawatambua rasmi. Bashir alipata pia faida nyingine: kikosi chenye nguvu nje ya jeshi kingewafanya majenerali wafikirie mara mbili kabla ya kumpindua.

Kwa miaka mingi, basi, maofisa wa jeshi walibaki na ndege na ofisi, huku vita vya ardhini wakiwaachia wengine. Wale wengine walijifunza kazi. Hemedti, aliyekuwa mfanyabiashara wa ngamia na hakupita chuo cha kijeshi, alipanda hadi cheo cha jenerali. Watu wake walipigana Darfur, kisha wakapelekwa Yemen kwa malipo. Walizoea kusafiri kwa pikapu zilizofungwa bunduki kubwa nyuma, kushambulia kwa kasi na kutoweka.

Fedha zilikuwepo pande zote. Jeshi lilimiliki makampuni mengi, likiingiza mkono hadi kwenye biashara za vyakula. RSF walikuwa na dhahabu. Mwaka 2017 waliyatwaa machimbo ya Jebel Amer huko Darfur Kaskazini, na familia ya Hemedti ikajenga biashara juu yake. Kwa kijana asiye na kazi, mshahara wa RSF ulikuwa na mvuto wake, na hilo lisisahauliwe tunapouliza wapiganaji hao walitoka wapi.

RSF walikuwa na faida nyingine iliyopita zote siku ya kwanza: mahali walipokuwa. Majenerali hao wawili walimwondoa Bashir pamoja Aprili 2019. Burhan akawa mwenyekiti wa baraza la utawala, Hemedti akawa makamu wake. Oktoba 2021 wakaipindua pamoja serikali waliyokuwa wakishirikiana na raia. Kwa miaka hiyo yote RSF walikuwa na kambi ndani ya Khartoum na walishiriki kulinda maeneo nyeti. Desemba 2022 yakafikiwa makubaliano ya kurudi kwenye utawala wa kiraia, na RSF walitakiwa kuunganishwa na jeshi. Jeshi lilitaka kazi hiyo ikamilike kwa miaka 2. RSF walitaka 10. Walipoanza kupigana, RSF hawakuhitaji kuuvamia mji kutoka nje, kwa kuwa tayari walikuwa ndani. Burhan alizingirwa katika makao makuu ya jeshi lake hadi Agosti, alipotoka na kuhamishia shughuli zake Port Sudan, kwenye Bahari ya Sham.

Kisiasa mizani ilikuwa tofauti. Burhan alikuwa na jina la serikali: kiti cha Sudan Umoja wa Mataifa, balozi, bandari na uhusiano wa karibu na Misri. Lakini raia walioandamana kudai demokrasia hawakusahau mapinduzi ya 2021, Umoja wa Afrika ulikuwa umeisimamisha Sudan uanachama, na wafuasi wa utawala wa Bashir walioliunga mkono jeshi waliwatia wengi hofu.

Hemedti alisema anapigania demokrasia na haki za watu wa pembezoni. Malalamiko ya pembezoni ni ya kweli, kwani tangu uhuru wa 1956 madaraka yamekaa mikononi mwa watu wa bonde la Nile. Tatizo lilikuwa msemaji mwenyewe. Wakazi wa Khartoum walikumbuka Juni 3, 2019, waandamanaji walipouawa nje ya makao makuu ya jeshi, na RSF wakatajwa kuwa wahusika wakuu. Kisha Juni 2023 yakaja mauaji ya watu wa jamii ya Masalit mjini El Geneina. Kwa nje, Umoja wa Falme za Kiarabu umetuhumiwa mara nyingi kuwapa RSF silaha, nao umekanusha.

Kwa miezi ishirini hivi ya mwanzo ardhi ilishinda anga. RSF waliteka sehemu kubwa ya Khartoum na Darfur, na Desemba 2023 wakaingia Wad Madani baada ya jeshi kuondoka bila upinzani mkubwa. Uporaji uliofuata ukalifanyia jeshi kazi ambayo hotuba za Burhan hazikuiweza: wananchi wakachukua silaha upande wake. Makundi ya waasi wa zamani wa Darfur yalikuwa yameshajiunga nalo, na Oktoba 2024 kamanda mmoja mkubwa wa RSF katika jimbo la Gezira akahamia jeshini. Likiwa sasa na watu wa miguu, jeshi lilirudisha Wad Madani Januari 2025 na ikulu ya Khartoum mwezi Machi.

Lakini RSF nao walipata walichokosa. Mei 2025 ndege zisizo na rubani ziliishambulia Port Sudan, mji uliodhaniwa kuwa mbali na vita, na jeshi likawanyooshea RSF kidole. Oktoba mwaka huo El Fasher, mji mkubwa wa mwisho wa jeshi huko Darfur, ukaanguka baada ya kuzingirwa zaidi ya siku 500.

Hata uhalali wakautafuta. Februari 2025 RSF na washirika wao walitia saini jijini Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali ya Burhan ilikasirika na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya. Kubwa kati ya bidhaa hizo ni chai, kwa hiyo baadhi ya wasikilizaji wetu wenye mashamba ya majani chai wanayajua matokeo ya vita hivyo bila kusimuliwa.