Betri imekufa, lakini nani kaiua?



Nimerudi baada ya kimya cha wiki mbili. Nilikuwa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, kwa kazi za pamba. Leo lakini sitaandika habari za pamba. Nataka tuzungumzie kitu kilichomo chini ya boneti, ambacho gari likigoma kuwaka asubuhi tunakihukumu bila hata kukisikiliza. Nazungumzia betri.

Hebu jiulize, mdau. Gari likigoma, fundi wa mtaani anafanya nini? Analishtua kwa betri ya jirani, linawaka, kisha anachomoa kichwa kimoja cha betri huku injini inaunguruma. Injini ikizima, anasema alteneta imekufa. Ikiendelea, anasema betri ndiyo mbovu, kanunue nyingine. Kipimo hicho kimetoka wapi? Kina historia yake, na historia hiyo inatugharimu fedha mpaka leo.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza ya risasi na asidi iliyoweza kuchajiwa tena. Mwaka 1881 mwenzake Camille Faure akaiboresha kwa kupaka tope la risasi juu ya bamba zake, ikaweza kubeba umeme mwingi zaidi. Magari ya petroli yalipokuja, bado yaliwashwa kwa nguvu za mkono, kwa kupiga hendeli pale mbele. Injini ikirudi nyuma ghafla, hendeli inavunja mkono wa mtu. Mmarekani Charles Kettering akaja na stata ya umeme, ikafungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Tangu hapo gari likaihitaji betri, na betri ikahitaji kitu cha kuichaji.

Kitu hicho kilikuwa dainamo. Wazee wa Usukumani wanaozikumbuka Land Rover na Bedford za zamani, zile zilizobeba marobota ya pamba, wanaijua vizuri. Dainamo ilikuwa na kasoro moja kubwa: injini ikiwa taratibu haikutoa umeme wa maana. Dereva akitembea usiku taa zimewaka na mwendo ni wa kinyonga kwenye tope, betri ilikuwa inaliwa badala ya kulishwa. Ndiyo maana hendeli ilibaki ndani ya gari miaka mingi baada ya stata kuja, na kusukuma gari halikuwa jambo la aibu.

Hapo ndipo kile kipimo cha kuchomoa kichwa cha betri kilipokuwa na nafasi yake. Gari la dainamo halikuwa na kompyuta ya kuungua. Umeme ukiruka juu kidogo, hasara ilikuwa balbu moja au mbili.

Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ikatoa gari la Valiant likiwa na alteneta badala ya dainamo. Kilichowezesha hilo ni daiodi za silikoni, vipande vidogo vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Alteneta inachaji hata injini ikiwa imesimama inanguruma taratibu. Lakini ukichomoa betri ghafla wakati inachaji, umeme unaruka juu sana kwa muda mfupi. Ruko hilo linaweza kuua daiodi za alteneta yenyewe, redio, na ile kompyuta inayoendesha injini. Yaani kipimo cha gari la babu kinaweza kuua gari la mjukuu!

Sasa tuje kwetu. Milango ya biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na kufunguka zaidi wakati wa Mzee Ruksa kuanzia 1985, magari yaliyotumika yakaanza kuingia, na miaka iliyofuata Japani ikatujaza. Magari hayo yalikuja na mambo mawili ambayo hatukuyatafakari. La kwanza, mengi ni ya gia za otomatiki, na gari la otomatiki halisukumwi likawaka. La pili ni redio. Japani masafa yao ya FM yalikuwa 76 hadi 90, sisi huku stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mtu akinunua Probox akawasha redio, anapata stesheni moja au mbili, au hapati kabisa. Anafanya nini? Anakwenda kwa fundi, redio mpya inafungwa, na akiwa mpenda muziki anaongeza amplifaya na spika. Waya zinakatwa, zinaungwa, zinafungwa gundi. Hapo wizi wa usiku unaanza.

Bariadi nilimkuta mzee mmoja, fundi umeme wa magari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Gari gani?"

"Sina gari, mzee. Mimi mwandishi."

Akacheka, akaniambia nikae nitazame. Mbele yake palikuwa na Probox ya abiria inayokwenda Lamadi, safari ya kilometa 70 na ushee. Dereva alikuwa amebadilisha betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na ya tatu nayo imeanza kugoma. Mzee hakugusa kitu. Aliuliza swali moja tu: "Inagoma siku gani?" Dereva akafikiri. Jumatatu. Jumapili gari linalala.

Mzee akatoa mita. Betri ilikuwa imechajiwa usiku kucha ikiwa nje ya gari, ikapumzika: volti 12.6. Hiyo ni betri iliyojaa. Ingesoma 12.2 ingekuwa nusu, na ikishuka chini ya 12 ni kama tupu. Akairudisha, akawasha gari, akapima tena: 14.2. Kwa kawaida gari likiwaka mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, tazama mkanda, waya na alteneta. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kazi na maji ya betri yatachemka. (Angalizo: magari mengine mapya yanapunguza chaji yenyewe kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Usikimbilie kuhukumu alteneta kwa kusoma mita mara moja.)

Basi betri nzima, alteneta nzima. Mwizi nani?

Akazima gari, akatoa ufunguo, akafunga milango. Akachomoa waya wa hasi, akaipitisha mita katikati, upande wa kupima ampea. Tukasubiri kama nusu saa, kwa sababu kompyuta za gari nazo zinachelewa kulala. Gari lililolala halipaswi kula zaidi ya miliampea 50. Hili lilikuwa linakula 600. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Mita haikutikisika. Zikaisha zote, mita iko palepale. Dereva akasema mita mbovu. Mzee akatabasamu tu.

Kama fyuzi zote zimetoka na bado umeme unaliwa, basi kuna waya usiopita kwenye fyuzi hizo. Unaweza kuwa waya mnene wa alteneta, maana daiodi ikivuja umeme unarudi kinyumenyume usiku kucha. Akaulegeza ule kwanza. Mita palepale. Akabaki na waya mwekundu uliofungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, ukapita chini ya zulia hadi kwenye amplifaya nyuma ya kiti. Aliyeifunga aliuunga ule waya wa kuiamrisha iwake kwenye umeme usiozimwa na ufunguo. Amplifaya haikuwa inalala hata siku moja.

Tupige hesabu. Miliampea 600 kwa saa 36, kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri, ni karibu ampea-saa 22. Betri yenyewe ni ya ampea-saa 36. Zaidi ya nusu imeondoka. Siku za kawaida ikilala saa 10 inapoteza 6 tu, na safari za Lamadi zinazirudisha. Ndiyo maana ugonjwa ulionekana Jumatatu. Na betri ya gari haikuumbwa kukaushwa hivyo kila wiki: bamba zake zinaota chumvi ngumu, na joto la Simiyu linaharakisha kifo chake. Betri zile mbili za mwanzo zilikuwa marehemu wasio na hatia.

Zimekwenda wapi? Kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa kando ya makazi yao mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alipigania jambo hilo hadi akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Kwa hiyo betri iliyotupwa bure si hasara ya mfuko wa dereva peke yake. Dereva wa Probox alimaliza tatizo lake kwa kuhamisha waya mmoja. Mita ya kawaida ni bei ndogo sana ukilinganisha na betri, na kusubiri nusu saa ni bure.

Siku nyingine ukiambiwa betri imekufa, usiharakishe mazishi. Uliza kwanza nani kaiua.

Nawakilisha.