Kiunzi cha Seli: Historia ya Aktini na Funzo lake kwa Waundaji wa Istilahi

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha biolojia ya seli hukutana mapema na dhana ambayo, ikitafsiriwa neno kwa neno, humpa "mifupa ya seli". Jina hilo ni jepesi kwa mwalimu, na mwanafunzi hulikumbuka bila taabu. Hata hivyo linapotosha. Mfupa hudumu mahali pake miaka mingi, ilhali nyuzi zinazoipa seli umbo lake huundwa na kubomolewa wakati wote. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wataalamu walivyozitambua nyuzi za aktini pamoja na protini zinazozipanga, kisha tutazame historia hiyo inatufunza nini sisi tunaoshughulika na istilahi.

Jina lilitangulia ushahidi. Mwaka 1903 Mrusi Nikolai Koltsov alieleza kuwa umbo la seli hutokana na mtandao uliomo ndani yake. Mwaka 1931 Mfaransa Paul Wintrebert akalitumia neno la Kifaransa lenye maana ya mifupa ya seli. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameitenga protini ya mtandao huo. Mfano wa mifupa ulichukuliwa, basi, kabla kitu chenyewe hakijajulikana.

Aktini yenyewe ilipatikana katika msuli. Mjerumani Wilhelm Kühne alikuwa ameitaja mayosini tangu mwaka 1864, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa hiyo peke yake ndiyo inayoukunja msuli. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, mjini Szeged, Hungaria, Albert Szent-Györgyi na Ilona Banga waliona jambo geni. Nyama ya msuli iliyosagwa na kutiwa katika maji ya chumvi kwa dakika 20 ilitoa mmumunyo mwepesi. Ilipolazwa usiku kucha ilitoa mmumunyo mzito wa kunata, na uzito huo ulipungua mara ilipoongezwa ATP. Mwaka 1942 Brunó Straub, katika maabara hiyohiyo, alionyesha kuwa tofauti ilisababishwa na protini ya pili iliyochanganyika na mayosini. Protini hiyo ikaitwa aktini, kwa kuwa huichochea mayosini. Tuzingatie kuwa jina hili lilitokana na kazi iliyoonekana, wala si na mfano uliobuniwa.

Kwa zaidi ya miaka 20 aktini ilihesabiwa kuwa mali ya msuli. Mwaka 1966 Wajapani Hatano na Oosawa waliitenga kutoka katika Physarum, kiumbe cha ute kisicho na msuli wowote. Mwaka 1969 Ishikawa na wenzake waliziona nyuzi zake katika seli za aina nyingi, na mwaka 1974 Lazarides na Weber, wakitumia kingamwili zing'aazo chini ya darubini, walizionyesha zimetandaa ndani ya seli za kawaida. Hapo likazuka swali kubwa. Ikiwa aktini karibu ni ileile kila mahali, ni nini kinachoifanya iwe mafungu yaliyonyooka hapa, wavu pale, na kwingine chembe zilizotawanyika?

Jibu lilikuja kwa sehemu. Mwaka 1975 maabara mbili zilieleza protini ndefu inayoziunganisha nyuzi za aktini zipitanazo, hata zikawa wavu. Moja iliiita filamini. Nyingine iliiita kwa jina la jumla, yaani protini ishikayo aktini. Baadaye ikadhihirika kuwa ni za ukoo mmoja, na wasomaji walikuwa wamebebeshwa majina mawili kwa dhana moja. Mwaka 1977 ikaelezwa profilini, inayozishika chembe za aktini zilizo huru na kuzifikisha kwenye ncha ya uzi unaokua. Mwaka 1979 Yin na Stossel walieleza jelsolini, ambayo kalsiamu ikizidi huukata uzi na kuifunika ncha yake. Kofilini nayo huzikatakata nyuzi kuukuu ili chembe zake zitumike tena. Katika miaka ya 1990 ikafahamika kazi ya kundi la protini saba liitwalo Arp2/3, ambalo huanzisha uzi mpya ubavuni mwa uzi wa zamani kwa pembe ya digrii 70 hivi, kama tawi.

Umuhimu wa protini hizi si wa kukisiwa. Mwaka 1992 zilichunguzwa seli za saratani ya ngozi zilizokosa filamini. Aktini ilikuwamo, lakini utando wa seli ulitoka malengelenge, na seli zilishindwa kutambaa vizuri. Ziliporudishiwa filamini, zikatengemaa. Aliyejenga nyumba ya udongo analijua jambo hili: fito bila kamba ni mzigo wa kuni, haziwi ukuta.

Sasa turudi kwenye istilahi. Kwanza, tunapendekeza "kiunzi cha seli". Ni kweli kwamba kiunzi huweza kuwa cha mifupa. Lakini huwa pia cha jahazi na cha nyumba, na kiunzi cha fundi huongezwa, hupunguzwa na hubomolewa. Neno hili halimfungi mwanafunzi katika fikra ya mfupa.

Pili, wapo watakaopenda kuziita protini hizo "protini zifungazo aktini". Tunashauri wasifanye hivyo. Filamini hufunga, naam. Lakini kofilini hukata, na profilini huchukua na kufikisha. Kazi iliyo ya zote ni kushika. "Protini zishikazo aktini" ni jina pana linaloacha nafasi kwa vitenzi mahususi: kuunga, kukata, kufunika, kuanzisha.

Tatu, neno "nyuzi" tayari linabeba vipimo vya joto na vya pembe. Mwalimu akisema "nyuzi zimetengana kwa nyuzi 70", darasa litachanganyikiwa. Katika matini ya aina hii, pembe na ipimwe kwa digrii.

Huenda mtu akauliza kama tofauti hizi ndogo zinastahili kubishaniwa. Sisi tunaona zinastahili. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa seli ina mifupa hatauliza nani huijenga na nani huibomoa, na swali hilo ndilo lililowashughulisha wataalamu kwa nusu karne. Istilahi isiyoruhusu swali kuulizwa imemnyima msomaji elimu, hata kama imetafsiriwa sawasawa.